Habari za Chome, Mji wa Mlangoni mwa Msitu

Mtu asimamaye kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu wakati wa adhuhuri, jua likiwa utosini, huiona nchi kavu pande zote: migunga yenye miiba, vumbi jekundu, na mbuzi watafutao kivuli. Lakini akiinua macho huiona milima ya Upare imesimama mashariki kama ukuta mrefu, ukielekea kusini hata macho yasiweze kuufuata tena, na juu ya vilele vyake mawingu yametulia. Watoto wa tambarare wametuuliza mara nyingi, "Mwalimu, kule juu mawingu hayaishi?" Nasi huwajibu kwamba wako watu wenzetu ambao kwao wingu ni jirani wa kila siku: huingia uani asubuhi bila kubisha hodi, na jioni hulala juu ya mapaa yao.

Katika kitabu hiki cha jubilei ya jimbo letu wengine wameandika habari za maaskofu, za mapadre na za makanisa yaliyojengwa. Ni vema, maana kazi za waliotutangulia hazifai kusahauliwa. Tangu mwaka 1963, Same ilipofanywa Prefektura, na tangu mwaka 1977 ilipofanywa jimbo kamili, mengi yametendwa yapasayo kuandikwa. Lakini sisi wakatekista, ambao kazi yetu ni kwenda kwa miguu kutoka kigango hata kigango, tumeona yafaa kuandika pia habari ya nchi yenyewe na watu wakaao ndani yake. Tumechagua Chome, mji ulio chini ya kilele cha Shengena, mlangoni mwa msitu mkubwa. Twataka kueleza jinsi watu wa msituni walivyoishi, kitu gani walikitunza, na kitu gani walikipoteza. Tena twataka kukiri neno moja linalotuhusu sisi wenyewe tulio walimu wa dini.

Tumesema "mji", na huenda msomaji atokaye Moshi au Tanga atacheka, kwa kuwa Chome haina maghorofa wala taa za barabarani. Lakini wazee wetu hawakuupima mji kwa urefu wa nyumba. Kwao mji ni mahali penye moto, penye maji, penye makaburi ya wazee, na penye watu wa kumlilia mtu afapo. Kwa kipimo hicho Chome ni mji kweli.

Njia ya kwenda huko ni ndefu. Kutoka Nyumba ya Mungu msafiri huifuata barabara kuu iendayo upande wa Tanga, akapita Mwanga na Lembeni hata Same. Hapo ndipo milima inapogawanyika: nyuma yake imebaki milima ya Upare ya Kaskazini, yenye Ugweno na Usangi, mbele yake yaanza milima ya Upare ya Kusini, yenye Mbaga, Vudee, Suji, Chome, Gonja na Mamba. Katika tambarare ya Same na Makanya mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 au 600 tu, na miaka mingine ni pungufu ya hapo. Kisha njia huacha mkonge na vumbi, ikaanza kupanda. Ikiwa mvua imenyesha, gari hukwama kwenye utelezi, na abiria hushuka wakasukuma. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo hewa inavyopoa. Kwanza huona mahindi na maharage juu ya ngazi za mawe, kisha migomba na mibuni, na mwisho huona ukingo mweusi wa miti mirefu. Huo ndio msitu.

Kilele cha Shengena kina urefu wa mita 2,460 hivi juu ya bahari, nacho ndicho kirefu kuliko vyote katika Upare. Msitu unaokizunguka ulitangazwa na Serikali ya Kiingereza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1951, na eneo lake ni hekta 14,283. Wenye elimu ya nchi watufundisha kwamba milima yetu ni sehemu ya mnyororo wa milima ya kale sana, uanziao Taita katika Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru, hata Udzungwa. Pepo za Bahari ya Hindi huja zimebeba maji, zikaigonga milima hii, zikapanda, zikapoa, na maji yake yakaanguka. Ndiyo sababu upande wa mashariki, kule Gonja na Mamba, mvua ni nyingi, na upande wa magharibi, uelekeao Makanya na Nyumba ya Mungu, nchi ni kavu. Mlima huzipokea baraka kwa uso, na mgongo wake hubaki mkavu.

Tena msitu haungoji mvua peke yake. Siku ambazo hainyeshi hata tone, ukungu hupita kati ya miti, na majani huunasa kama nyavu zinasavyo samaki. Maji hudondoka tone kwa tone, yakaingia katika udongo laini uliofunikwa na majani makavu, na ndani ya ardhi yakatafuta njia yake polepole. Hata kiangazi kikiwa kikali chini, chemchemi za juu huendelea kutoa. Katika msitu huo muna mkulo, mti mkubwa wenye harufu kama ya kafuri. Muna kima warukao matawini. Na muna kindege kidogo chenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambacho wataalamu wamekipa jina la Upare wa Kusini, kwa sababu hakionekani mahali pengine popote duniani. Mtoto wa Chome hukisikia kila asubuhi aendapo kuteka maji, wala hajui kwamba wageni huvuka bahari ili wakione.

Sasa tuseme habari za watu wenyewe. Wapare hujiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Wazee husimulia kwamba koo zilipanda milimani kwa nyakati mbalimbali, zikitafuta maji, usalama na ardhi ya kulima. Kule Ugweno Washana walikuwa mafundi wa kufua chuma, na majembe yao yalifika hata Uchagani. Profesa Isaria Kimambo aliyakusanya masimulizi ya wazee wa koo, akaitoa historia ya Wapare katika kitabu kilichochapwa mwaka 1969. Na kila mwalimu wa shule afaa kuijua, asije akawaambia watoto kwamba historia yetu ilianza siku Mzungu alipofika.

Koo hizo ziliishi kwa maagano na msitu. Kila ukoo ulikuwa na mpungi, yaani kichaka kitakatifu cha miti mikubwa, mahali pa kuwaheshimu wazee waliokufa na pa kutambikia. Palikuwa pia na mshitu, mahali ambapo vijana walipelekwa wakafundishwa mambo ya utu uzima. Katika mahali hapo hakuna aliyethubutu kukata mti, wala kuokota kuni, wala kuchunga mbuzi. Avunjaye mwiko alijua kwamba atatozwa mnyama, tena aliamini kwamba maradhi yatamfuata nyumbani kwake. Mipungi mingi ilikuwa karibu na chemchemi au juu ya vichwa vya mito. Kwa hiyo aliyeulinda mpungi kwa kuwaogopa wazee aliyalinda maji pia, ajapokuwa hakuyawaza.

Na maji hayo yalikuwa na sheria zake. Wazee wetu walichimba ndiva, ambazo ni mabwawa madogo ya udongo na mawe, kandokando ya milima. Usiku maji ya kijito huongozwa kwa mfereji yakaijaza ndiva. Asubuhi hufunguliwa, yakashuka mashambani kwa nguvu iliyokusanywa usiku kucha. Kijito chembamba, ambacho kingenywewa na mchanga kabla ya kufika shambani, huwa na nguvu kikiisha kulala ndani ya ndiva. Kila ndiva ilikuwa na ukoo wake na mzee wake, na kila shamba lilikuwa na zamu yake. Mwanzo wa msimu watu wote waliitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja: huyu na jembe, huyu na karai, wakatoa matope na kuziba nyufa. Asiyekuja bila sababu alitozwa faini. Mahali pengine watu wa juu na watu wa chini walipatana juu ya maji yale yale. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ndiva ya Manoo, ambako watu wa Vudee walio juu na watu wa Bangalala walio chini waligawana nyakati za kumwagilia. Ugomvi haukukosekana, maana penye maji machache maneno huwa mengi. Lakini ugomvi uliamuliwa kwa kuketi na kusemezana.

Wala tusidhani ya kuwa kila desturi ya kale ilikuwa njema. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa ni msiba kwa ukoo, na wengi wa watoto hao waliuawa. Mama alilia kwa siri, kwa kuwa kulia waziwazi kulikatazwa. Mambo kama haya wageni wa kwanza wa dini waliyaona, wakayapinga, nao walifanya haki.

Wageni hao walifika mwanzo wa karne ya 20. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza Shigatini mwaka 1900. Waadventista walifika Mamba mwaka 1903. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu nao walipanda milima yetu, wakaanza shule na vituo vya sala. Baadhi yao walijifunza Chasu kwa bidii kubwa: Ernst Kotz aliandika sarufi ya lugha hiyo iliyochapwa mwaka 1909, na Jakob Dannholz, aliyekaa Mbaga, aliandika habari za imani na desturi za Wapare katika kitabu kilichochapwa mwaka 1916. Reli iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita Makanya na Same, na tangu hapo kahawa na iliki na watu waliweza kushuka na kwenda mbali.

Lakini mtu wa mlimani hakuwa bubu. Serikali ilipoweka kodi mpya iliyopewa jina la mbiru, maelfu ya wanaume waliteremka hata Same mwaka 1945, wakakaa huko kuikataa, na wanawake nao waliingia katika mgomo ule. Mwaka 1947 kodi hiyo ilifutwa. Sisi twaona kwamba umoja ule haukuanguka kutoka mbinguni siku moja. Watu waliozoea kuitana kwa msaragambo, na kuketi kitako juu ya zamu za maji, walikuwa wamekwisha kujifunza kusimama pamoja.

Maisha ya Chome na ya vijiji vingine vya ukingoni mwa msitu hayakuwa mepesi, wala hayajawa mepesi hata leo. Kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti baridi huingia mifupani. Nguo iliyofuliwa hukaa kambani siku tatu na haikauki. Mama huamka gizani, akachochea moto, akateleka makande ya mahindi na maharage, ambayo huiva polepole na kuwashibisha watu mpaka jioni. Ng'ombe hukaa zizini karibu na nyumba, hukatiwa majani na kuletewa. Samadi yake hupelekwa migombani, na maziwa yake huwalipia watoto daftari. Watoto hupanda na kushuka vilima kwenda shule, na siku za ukungu huitana kwa sauti ili asipotee mmoja. Mgonjwa akizidiwa, wanaume humtia katika machela, wakabadilishana mabega hadi mahali gari linapoweza kufika. Tumeshuhudia wanaume kumi na wawili wakimchukua mama mjamzito usiku wa mvua, na hapakuwa na mtu aliyeuliza ni wa dini gani. Hivyo ndivyo mji wa msituni unavyoishi: kwa kuwa uko mbali na misaada, kila mtu ni msaada wa mwenzake.

Sasa twafika kwenye neno lile tuliloahidi kulikiri.

Mwaka mmoja, kiangazi kikiwa kimekaza, tulikuwa njiani kwenda kigango kimoja cha upande wa magharibi wa mlima. Tulimkuta mzee mmoja ameketi juu ya ukingo wa ndiva ya ukoo wake. Ndani ya ndiva hamkuwa na maji, ila matope yaliyopasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Tukamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Keti upumzike." Tukaketi. Akanyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, nataka kukuuliza neno. Unakiona kile kipara pale juu? Pale palikuwa na mpungi wa ukoo wetu. Nilipobatizwa, nami ni kijana, waliotufundisha walituambia tusiuogope tena. Nami sikuuogopa. Nikaingia na shoka, nikapata nguzo za nyumba na kuni za mwaka mzima. Watu waliponiona sikufa wala sikuugua, nao wakaja na mashoka yao. Ilipopita miaka michache, chemchemi ikapungua. Na sasa waona. Je, ni wazee wamenikasirikia?"

Tukamjibu, "La, baba, si wazee. Miti ndiyo iliyoyashika maji. Miti ikiondoka, mvua hupita juu ya ardhi mbio, wala haiingii ndani."

Akasema, "Hata mimi nimekwisha kulijua hilo, kwa kuwa nimekaa hapa nikaona kwa macho. Lakini mbona hamkutuambia habari ya miti siku ile ile mlipotuambia habari ya wazee?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa naye mpaka kivuli kilipogeuka, kisha tukaaga tukaenda zetu. Na tangu siku ile swali lake limetembea pamoja nasi katika kila njia.

Maana ni kweli. Sisi, na waliotufundisha sisi, tuliuona mpungi kuwa ni ngome ya hofu, na kwa sehemu ulikuwa hivyo. Tukaivunja hofu. Lakini hofu ile ilikuwa pia boma la miti, nasi hatukusimamisha boma lingine mahali pake. Tuliwafundisha watu kwamba mti si mungu, tusiwafundishe kwamba mti ni kazi ya Mungu. Mahali pengine tuliusifu ushujaa wa Mkristo aliyekata mti wa matambiko, wala hatukurudi baada ya miaka mitano kutazama chemchemi yake imekuwaje.

Hatusemi kwamba kosa ni letu peke yetu. Watu waliongezeka, na mashamba yaliyogawanywa kati ya wana yakawa vipande vidogo, hata kijana hakuona pa kulima ila kwenye miteremko mikali. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 bei ya mbao za mkulo iliwavuta wapasuaji wengi. Waliingia ndani ya msitu wa Chome kwa siri, wakachimba mashimo, wakaangusha miti mikubwa na kuipasua kwa misumeno mirefu, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake chini shimoni. Fedha za mbao hizo zilipita kama upepo; aliyebeba mbao usiku begani mwake alipata kidogo, na aliyezinunua mjini alipata kingi. Tena msitu ulipokwisha kuitwa mali ya Serikali, watu wengine walisema mioyoni mwao, "Basi si wetu tena." Kitu kisichokuwa cha mtu hakina mlinzi usiku. Siku hizi msitu umepandishwa daraja, ukawa hifadhi ya mazingira asilia, na vijiji vinavyouzunguka vimeitwa katika kuulinda. Jambo hilo ni jema, lakini mlinzi mmoja mwenye sare hawezi kufanya kazi iliyofanywa zamani na dhamiri za watu wote.

Ndugu wa tambarare, msidhani kwamba habari hizi ni za watu wa juu tu. Mito ya Chome na Vudee hushuka Makanya. Ikipungua juu, ni shamba la Bangalala na Makanya linalokauka kwanza. Maji ya upande wa mashariki huenda katika mto Mkomazi. Maji ya milima ya Upare ya Kaskazini hushuka mengine Ziwa Jipe, na kutoka humo mto Ruvu huyaleta, ukakutana na mto Kikuletwa utokao upande wa Meru na Kilimanjaro. Pale yanapokutana ndipo bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa katika miaka ya 1960. Bwawa hilo, ambalo likijaa hufikia kilomita za mraba 140 na zaidi, lilijengwa ili kuyatuliza maji ya mto Pangani na kutoa umeme. Mtambo wake una nguvu ya megawati 8, na maji yaachiwayo huenda kuzungusha mitambo mingine ya chini, kule Hale na Pangani. Wavuvi walikuja kutoka mbali wakajenga vijiji kandokando yake, na perege wake wamelisha nyumba nyingi.

Mwezi wa Machi mwaka 2025 ulizinduliwa mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza kujengwa mwaka 2014, ambao huyachukua maji ya bwawa hili na kuyapeleka katika miji yetu. Akina mama wa Same, waliozoea kununua maji kwa ndoo na kulala foleni, walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini bomba, hata likiwa pana namna gani, haliumbi maji. Bomba huyachukua tu. Maji huumbwa kule juu, mahali ambapo wingu hukutana na jani. Bwawa la Nyumba ya Mungu nalo ni ndiva kubwa tu: lina watu wake wa juu na watu wake wa chini, nalo lataka msaragambo wake na zamu zake. Mchungaji wa ng'ombe, mvuvi, mkulima wa mpunga, na fundi wa umeme wote wayatazamia maji hayo hayo. Wakisahau kuketi pamoja kama wazee wa Vudee na Bangalala walivyoketi, ukubwa wa bwawa hautawaokoa na ugomvi.

Tena mlima ukitendewa vibaya hauleti ukame peke yake. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 mvua kubwa ilinyesha upande wa Mamba Miamba. Katika kijiji cha Goha udongo uliporomoka usiku, ukazifunika nyumba pamoja na watu waliolala ndani, na roho zaidi ya 20 zikapotea. Hatuthubutu kumhukumu mtu yeyote juu ya msiba ule, kwa kuwa mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini kila alaye na kulala juu ya mteremko ajue kwamba mizizi ndiyo kamba iliyoufunga udongo, na akatae kuzikata kamba zile.

Basi, tufanye nini? Sisi hatutawaambia watu wairudie hofu ya kale. Aliyefunguliwa hapaswi kufungwa tena. Lakini yafaa tulifanye kwa hiari, tena kwa akili, lile ambalo wazee walilifanya kwa kuogopa. Twawaomba walimu wa shule wawachukue watoto, walau mara moja kwa mwaka, wakasimame juu ya ukingo wa ndiva na kumsikiliza mzee wake. Maana mtoto ajuaye tarehe za vita vya Ulaya, asijue zamu ya maji ya ukoo wake, amesoma nusu. Twawaomba walei wa kila kigango wajiulize: chemchemi ya hapa iko wapi, na ni nani aliye mlinzi wake? Na pale ambapo mpungi umesalia, tusiudharau. Uwe wa matambiko au usiwe, miti yake haijabatizwa wala haijakufuru; yafanya kazi yake tu. Sisi wakatekista nasi, tunapowaandaa watu kwa ubatizo na kuwafundisha habari ya maji yale matakatifu, tusisahau kuwauliza yametoka chemchemi gani.

Yule mzee wa ndiva amekwisha kufa. Siku ya maziko yake tulipanda na watu wa kigango hata pale palipokuwa na mpungi wa ukoo wake. Hatukutazamia kuona kitu. Lakini mkulo una tabia moja ambayo wapasuaji hawakuijua au hawakuijali: ukikatwa, mizizi yake haifi upesi, bali hutoa machipukizi kando ya kisiki. Tulikuta machipukizi membamba, mengine yamefika kimo cha mtoto, na mbuzi walikuwa wameyala baadhi yake. Wajukuu wa mzee walitazamana. Hapakuwa na hotuba. Juma lililofuata walirudi na miti ya boma, wakaitana kwa msaragambo, wakayazungushia machipukizi yale uzio.

Chemchemi haijarudi. Huenda itarudi siku za watoto wao. Sisi twapita pale tuendapo kigangoni, na kila tupitapo twahesabu machipukizi, kama mchungaji ahesabuvyo kondoo wake jioni, na twamkumbuka mzee aliyetuuliza swali.